Mlima Hauna Pa Kuhamia

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda bara, akiisha kuipita Chalinze, huiona Milima ya Uluguru mkono wake wa kushoto kabla hajaliona hata paa moja la mji wa Morogoro. Kilele cha Lupanga, kinachozidi mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, aghalabu huwa kimejitanda wingu. Kwa sisi watu wa visiwani, ambao kilima chetu kirefu kabisa hakifiki hata mita 150, kuuona mlima wa namna hiyo umesimama peke yake juu ya uwanda ni jambo la kumfanya mtu anyamaze. Nilikwenda huko kwa shughuli zisizohusiana na makala haya. Nilirudi na swali moja, na swali hilo halijaniacha.

Nilipewa swali hilo upande wa mashariki wa milima, njia ya Mkuyuni, na mzee mmoja mkulima ambaye ndiye aliyenipa kivuli na kikombe cha chai. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akaniuliza natoka wapi. Alipojua kwamba natoka Unguja alinichukua hadi nyuma ya nyumba, akanionyesha mikarafuu yake, kwa fahari ya mtu amwonyeshaye mgeni kitu cha kwao mgeni. Tukazungumza juu ya bei, juu ya barabara, juu ya vijana wanaoshuka mjini wasirudi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: “Mwanangu, ninyi mkikasirika husema mtauvunja Muungano, na wakubwa hukaa vikao. Sisi huku mlimani tukikasirika, tuseme nini?”

Sikuwa na jibu. Nilicheka kidogo, kama achekavyo mtu aliyeshikwa. Yeye hakucheka.

Haya niandikayo ni jaribio la kumjibu mzee yule. Swali lake, kwa kadiri nilivyolielewa, si swali la siasa za siku moja. Ni swali la maadili: je, haki ya mtu ndani ya umoja itegemee uwezo wake wa kutoka? Na kama ndivyo ilivyo, ni nini hali ya yule ambaye hawezi kutoka kamwe?

Kwanza yatupasa kujua mzee anatoa nini, maana asiyetoa kitu malalamiko yake huwa mepesi. Maji ya Uluguru hayana siri. Mashariki hushuka Mto Ruvu pamoja na Mfizigo na Mvuha. Magharibi hushuka Mgeta. Na upande wa kaskazini Mto Morogoro hupita katikati ya mji na kuingia Ngerengere. Mito hiyo yote hatimaye huwa Ruvu mmoja, na katika Ruvu huo ndimo mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inamochota sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam, jiji ambalo kwa sensa ya 2022 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Kila asubuhi mamilioni hao hufungua bomba bila ya kuwaza mlima. Oktoba ya mwaka huohuo 2022, mvua zilipochelewa na Ruvu ukapungua, jiji liliingia katika mgao wa maji. Kwa wiki chache jina la mto likawa midomoni mwa watu wote. Mvua iliponyesha, jina likasahauliwa tena.

Wala si maji tu. Kabichi, karoti na njegere za Mgeta, ndizi za Kinole, machungwa na viungo vya Matombo, vyote hushuka. Hushuka kichwani mwa mwanamke mpaka penye barabara, kisha juu ya pikipiki, kisha juu ya lori, na kila vinaposhuka hatua moja bei yake hupanda hatua mbili. Vinavyopanda mlimani ni vichache: sabuni, mafuta ya taa, mabati, simu, na wajumbe wa kampeni kila baada ya miaka mitano.

Sasa tulitazame neno lenyewe, kujitenga. Tumezoea kulifikiria kama tendo: bendera hushushwa, bendera nyingine hupandishwa. Lakini kwa muda mwingi zaidi kujitenga huwa ni lugha kabla hakujawa tendo, na mara nyingi hubaki lugha. Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1970, alieleza kwamba mtu asiyeridhika na chama, duka au dola ana njia mbili: kuondoka, au kusema. Jambo la maana katika hoja yake ni kwamba njia mbili hizo hutegemeana. Anayeweza kuondoka husikilizwa zaidi anaposema. Mlango ulio wazi nyuma yake huipa sauti yake uzito.

Sisi watu wa visiwani tunaujua uzito huo. Tangu tarehe 26 Aprili 1964, Muungano ulipoundwa, mlango umekuwa nyuma yetu, wakati mwingine umefungwa, wakati mwingine umeachwa wazi kidogo, lakini haukuondolewa ukutani. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipata kusema, mwaka 1968, kwamba endapo umma wa Wazanzibari, kwa hiari yao na bila ya kuchochewa na wageni, wangeamua kwamba Muungano unawadhuru, yeye asingeweza kushauri wapigwe mabomu ili watii. Mwaka 1984 hali ya hewa ya kisiasa ilipochafuka, mwaka 1993 suala la serikali ya Tanganyika lilipofika bungeni, na mwaka 2013 Tume ya Jaji Warioba ilipopendekeza serikali tatu, kila mara mlango huo ulikuwapo katika chumba. Sisemi tumepata yote tuliyoyataka. Nasema tumesikilizwa kwa namna ambayo mzee wa Mkuyuni hajapata kusikilizwa, na sababu moja kubwa ni kwamba sisi tuna mahali pa kuondokea: tuna mipaka ya bahari, jina na historia ya dola. Yeye ana mteremko.

Wanafalsafa wamejiuliza ni lini kujitenga huwa haki. Allen Buchanan, katika kitabu chake cha 1991, aliona kwamba miongoni mwa sababu za haki ni dhuluma ya mgawanyo, yaani pale dola inapoichukulia sehemu moja mali yake kwa utaratibu ili kuineemesha sehemu nyingine bila ya sababu inayokubalika kimaadili. Kipimo hicho hutusaidia kuona tofauti ambazo bendera huzificha. Katanga ilijitenga na Kongo mwezi Julai 1960 ikiwa na shaba mkononi na makampuni ya kigeni nyuma yake. Yule alikuwa tajiri anayeondoka karamuni kabla ya kuchangia. Biafra ilijitenga mwaka 1967 baada ya Waigbo kuuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria, na Tanzania, nchi yenye kuhubiri umoja wa Afrika, iliitambua tarehe 13 Aprili 1968, kwa hoja kwamba umoja usioweza kuulinda uhai wa watu umepoteza dai lake juu yao. Tajiri anayekimbia wajibu na mnyonge anayekimbia kisu hawafanyi tendo moja, hata kama wote wawili wanatoka kwa mlango mmoja.

Uluguru si Katanga wala si Biafra. Hakuna aliyewachinja Waluguru, wala hawakalii shaba. Hali yao ni ya tatu, ambayo vitabu vya kujitenga huipita upesi: wanatoa kitu ambacho bila ya hicho mji hauishi, wanapata kidogo, na hawawezi kuondoka nacho. Shaba huweza kubaki mgodini. Karafuu huweza kubaki ghalani, na sisi tumewahi kuzificha. Maji hayagomi. Mlima hata ukikasirika usiku kucha, asubuhi umeshateremsha maji.

Katika historia iko hadithi mashuhuri ya watu waliopanda mlimani kwa hasira. Mwaka 494 K.K., kwa mapokeo ya Warumi, watu wa kawaida wa Roma waliokuwa wamelemewa na madeni waliuacha mji, wakaenda kukaa juu ya kilima kiitwacho Mlima Mtakatifu. Wakubwa waliogopa, kwa kuwa watu haohao ndio waliokuwa jeshi. Wakamtuma Menenius Agrippa, naye akawasimulia kisa cha tumbo na viungo: viungo viliona uvivu wa tumbo, vikagoma kulilisha, mwishowe vikadhoofika vyenyewe. Kisa hicho kimesimuliwa kwa zaidi ya miaka 2,000 kuwafundisha wanyonge subira. Kinachosahauliwa ni kwamba watu hawakurudi mjini kwa sababu ya kisa. Walirudi baada ya kukubaliwa kuwa na watetezi wao wenyewe, wanaochaguliwa na wao peke yao, wasioguswa na mtu, ambao baadaye walikuwa na uwezo wa kuzuia amri za wakubwa kwa neno moja. Kisa kilikuwa asali ya kuteremshia dawa. Dawa yenyewe ilikuwa madaraka.

Mzee wangu ameshasimuliwa kisa cha tumbo mara nyingi. Huitwa uzalendo, huitwa mshikamano, siku hizi huitwa uhifadhi wa mazingira. Dawa yenyewe ndiyo bado.

Ughaibuni hali hii si ngeni. Los Angeles ilijenga mfereji mrefu wa kuleta maji kutoka bonde la Mto Owens, ukafunguliwa mwaka 1913. Bonde lilikauka, na mwaka 1924 wakulima waliulipua mfereji kwa baruti. Baruti haikuwarudishia mto. Karibu miaka 90 baadaye, mwezi Novemba 2013, wilaya 11 za mashamba katika jimbo la Colorado ziliwapigisha watu wake kura kama zijitenge zikaunde jimbo jipya. 5 zilisema ndiyo, 6 zikasema hapana. Hawa si watu maskini kwa kipimo chetu. Malalamiko yao yalikuwa kwamba sheria hutungwa na watu wa mjini wasiowajua, na kwamba hata kura zao zote zikijumlishwa hazitoshi kuzuia lolote. Natoa mfano huu si kwa kuwalinganisha na wakulima wa Uluguru, bali kwa sababu unaonyesha kitu ambacho hesabu ya fedha peke yake haikionyeshi: mtu anaweza kuvumilia kupata kidogo kwa muda mrefu kuliko anavyoweza kuvumilia kuamuliwa na asiyemjua.

Waluguru nao waliamuliwa. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Nia haikuwa mbaya yote, mmomonyoko ulikuwapo. Lakini kazi ilikuwa nzito, na pengine udongo usio na rutuba uliletwa juu na wenye rutuba ukafukiwa. Isitoshe, ardhi yenyewe kwa Waluguru ni ya ukoo, hurithiwa upande wa mama, na haikuwa ya kuchezewa kwa amri ya bwana shamba. Mwaka 1955, upande wa Matombo, watu walikusanyika kukataa. Polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Siku zile watu wa mlimani walikuwa na mlango. TANU ilikuwa imezaliwa mwaka uliotangulia, na hasira ya matuta iliingia katika hasira kubwa zaidi ya nchi nzima. Uhuru wa 1961 wenyewe, tukiutazama vizuri, ulikuwa kujitenga: sehemu ya dola kubwa ilisema inanyonywa na kuamuliwa, ikatoka.

Tangu hapo mlango huo umefungwa kwa mzee wangu, kwa sababu njema kabisa: hana tena bwana wa kigeni wa kumkimbia. Sasa anadai ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na ajabu ya nyumba ni kwamba ndani yake ni vigumu zaidi kudai. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliionya nchi waziwazi kwamba wakazi wa mijini wanaweza wakawa wanyonyaji wa wakulima, kwa kuwa mikopo ya kujengea mambo ya mjini hulipwa kwa jasho la shamba. Onyo lile lilikuwa la kweli na la kishujaa. Miaka mitano baadaye, 1972, serikali za mitaa zilivunjwa, na maamuzi ya wilaya yakashikwa na watumishi wa serikali kuu, hadi zilipoanza kurejeshwa katika miaka ya 1980. Tulimtaja mkulima kuwa ndiye msingi wa taifa, tukaichukua meza aliyokuwa akisemea.

Leo maji yote ya nchi, kwa sheria ya mwaka 2009, ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Ni kanuni ya busara. Maji yakiwa ya mwenye chemchemi peke yake, tutauana. Lakini katika kanuni hiyo mkulima wa Mgeta anayetaka kuchepusha kijito kumwagilia kabichi zake huhitaji kibali, na kwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 hatakiwi kufanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Aliyetunga kipimo cha mita 60 pengine aliwazia mto wa uwandani. Katika bonde jembamba la Uluguru, mita 60 kila upande zaweza kuwa ndilo shamba lote lenye unyevu ambalo ukoo unalo. Mwaka 2008 misitu ya juu ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, na ilistahili kulindwa: yumo ndege mmoja asiyepatikana popote pengine duniani. Nasema tu kwamba kila mstari uliochorwa mlimani umechorwa kwa faida ya mtu aliye chini, na gharama ya kila mstari imelipwa na mtu aliye juu.

Kuna wakati njia nyingine ilijaribiwa. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha katika kata ya Kibungo Juu mpango wa kuwalipa wakulima wanaotunza miteremko, wapandao miti na kuchimba matuta, kwa kuwa utunzaji huo unawafaa watumiaji wa maji walioko chini. Na baadaye shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo na kampuni moja ya vinywaji zilikubali kuchangia. Malipo yalikuwa madogo, na kwa sehemu kubwa yaliegemea fedha za wafadhili. Hata hivyo tazama maana yake: matuta, kitu kilekile ambacho mwaka 1955 mtu alikufa kwa kukikataa, yalichimbwa kwa hiari, pale mchimbaji alipotendewa kama mtu anayeuza kitu, si kama mtu anayeadhibiwa.

Wazee wa zamani walilijua hilo kabla ya wataalamu. Kwa mapokeo ya milimani, Kingalu wa Kinole alikuwa mwenye mvua, na watu wa nyanda za chini walipanda kumpelekea zawadi ili mvua iwafikie. Tunaweza kutabasamu kwa imani ile. Lakini ndani yake mlikuwa na hesabu ya haki: anayekunywa alijua anakunywa kwa nani, na alipanda mlima kwenda kusema ahsante kwa mkono usio mtupu. Mwaka 2021 soko kuu jipya la mji wa Morogoro lilizinduliwa kwa jina la Chifu Kingalu. Jina limeteremshwa mjini, kama maji.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba labda swali la mzee lilihitaji kugeuzwa. Tunauliza kama mlima una haki ya kujitenga na mji, kana kwamba bado wameungana. Mji ulikwisha kujitenga zamani, bila ya kura na bila ya bendera. Umejitenga kila mara unapokunywa bila ya kujua jina la mto, unapopanga bei ya ndizi bila ya kumwona aliyezibeba, unapomwita mharibifu wa mazingira mtu anayelima ukingo wa kijito kwa kuwa hana ukingo mwingine. Huku ni kujitenga kwa namna mbaya zaidi: anayejitenga kwa kura huacha vyote viwili, haki na wajibu, mji umeacha wajibu peke yake.

Nitaulizwa: je, mlima nao haupati kitu? Unapata. Shule, zahanati, soko, noti yenye thamani, na amani ambayo majirani zetu wengi wameikosa. Sudan Kusini ilijitenga mwaka 2011 kwa kura karibu zote, na kabla ya miaka mitatu, Desemba 2013, ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, na kijiji chake kilikuwa mbali na Juba kama kilivyokuwa mbali na Khartoum. Naye Mwalimu Nyerere, mwaka 1995, alionya kwamba dhambi ya ubaguzi haikomi: wanaojitenga wakisema “sisi” na “wao”, watagundua ndani ya “sisi” kuna “sisi” wengine. Hoja hiyo naikubali. Lakini naomba isomwe pande zote mbili. Kama kubagua hakukomi, basi na kupuuza hakukomi. Anayezoea kumpuuza asiyeweza kutoka atampuuza kesho mwingine aliye karibu zaidi.

Ushahidi si lazima niufuate Morogoro. Nzwani ilijitenga na Komoro mwaka 1997 ikilalamika kwamba kila kitu huishia Ngazidja. Mwezi Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wakiwamo wa Tanzania, nchi iliyoitambua Biafra, waliteremka kuirudisha. Miezi miwili baadaye wazee wa Pemba walipeleka waraka katika ofisi ya Umoja wa Mataifa mjini Dar es Salaam wakitaka Pemba iwe na serikali yake. Baadhi yao walitiwa mbaroni. Nakumbuka namna sisi wa mjini Unguja tulivyolipokea jambo hilo barazani: wengi tulistaajabu, wengine tulicheka. Pemba, inayotoa karafuu nyingi kuliko sisi, ilikuwa imetuuliza swali lilelile ambalo sisi tumekuwa tukiwauliza wa ng’ambo kwa miaka mingi, nasi tukajibu kama tunavyojibiwa. Kila mmoja wetu ana mlima wake anaouteremshia maji mdomoni bila ya kutazama juu.

Basi nimefikia wapi? Nimefikia hapa, na sidai zaidi. Haki ya kujitenga ni haki ya wenye mipaka. Ni haki ya kweli, lakini haiwezi kuwa kipimo cha umoja, kwa kuwa humpima yule tu aliye karibu na mlango. Umoja hupimwa kwa namna unavyomtendea yule asiyeweza kutoka. Nyumba haijulikani uzuri wake kwa mgeni ambaye akichukizwa ataaga. Hujulikana kwa mtoto, kwa mgonjwa, kwa mama aliyezeeka ndani yake. Ikiwa watu husikilizwa kwa kadiri ya uwezo wao wa kuvunja, basi tunawafundisha watu wote kuvunja, na asiye na cha kuvunja atavunja kilicho chake: atakata msitu wake mwenyewe, na tutasema hana elimu.

Kwa hiyo asiye na mlango apewe kiti. Simaanishi msaada, wala semina, wala tamasha la kupanda miti. Namaanisha kile walichokipata Warumi waliopanda kilimani: sauti yenye uwezo wa kuzuia. Bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo na hatimaye mkataba wa ujenzi wake ukatiwa saini mwaka 2022, litahifadhi maji ya Ruvu kwa ajili ya jiji. Ni jambo jema. Lakini liwepo pia neno la watu wa juu ambalo bila ya hilo mstari mwingine hauchorwi mlimani. Na katika kila ankara ya maji ya Dar es Salaam na ya mji wa Morogoro liwepo fungu linalopanda juu kama bei, lisihesabiwe sadaka. Bei humheshimu anayepokea, maana hukiri kwamba angeweza kukataa.

Nilipokuwa narudi, nikisubiri boti bandarini Dar es Salaam, kijana mmoja mwuza chai alinimiminia maji katika gilasi, ya bomba, yaliyochemshwa. Nilimwuliza kama anajua yanatoka wapi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyechoka na safari, akanionyesha bomba.

Mzee, hili ndilo jibu langu, na najua ni dogo kuliko swali lako. Ulipouliza mkikasirika mseme nini, nilidhani unataka nikupe neno. Sasa nadhani hukukosa neno. Maneno mnayo, na mmeyasema tangu kabla ya 1955. Deni la kusema ni letu sisi wenye mlango: kila tunapousogelea ili tusikilizwe, tutaje pia jina la aliyebaki ndani.